Taa Ilizimika, Vali Ikabaki Wazi

Saa kumi alfajiri ya Jumatano, tarehe 28 Machi 1979, kinu cha pili cha kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, Marekani, kilipata hitilafu. Pampu za maji zilisimama, presha ikapanda, na vali moja juu ya mtambo ikafunguka yenyewe ili kuipunguza, jinsi ilivyoundwa kufanya. Muda mfupi baadaye presha ilikuwa imeshuka vya kutosha. Vali ikapewa amri ya kufunga. Kwenye chumba cha udhibiti, taa yake ikazimika.

Wafanyakazi wa zamu waliona taa imezimika, wakajua vali imefungwa. Walikuwa na mengine ya kushughulikia. Ving'ora zaidi ya mia moja vilikuwa vimelia katika dakika zile za kwanza.

Kumbe vali ilikuwa imekwama wazi. Maji ya kupoza kinu yaliendelea kutoroka kupitia hapo kwa zaidi ya saa mbili, hadi mtu alipofunga vali nyingine ya akiba kwenye bomba lilo hilo. Kiini cha kinu kilikosa maji ya kutosha na karibu nusu yake ikayeyuka. Hakuna aliyekufa siku hiyo, lakini kinu hicho hakikuwashwa tena, na kukisafisha kuligharimu takriban dola bilioni 1.

Sasa shika hili: ile taa haikuwa imeharibika. Iliunganishwa na umeme uliokuwa unaendesha vali, si na vali yenyewe. Umeme ukikatwa, taa inazima. Ilichokuwa inasema ni kwamba amri ya kufunga imetumwa. Watu waliisoma kana kwamba inasema vali imefungwa.

Nimelifikiria pengo hilo kwa muda mrefu. Nilisomea uhandisi wa umeme miaka miwili kabla karo haijaisha na mimi kuaga chuo, kisha nikafanya kibarua kwenye kiwanda kimoja cha vinywaji Industrial Area, Nairobi, nikimbebea vifaa fundi wa vipimo. Darasani tulifundishwa jinsi ya kutuma habari kutoka kwa mashine moja hadi nyingine. Kiwandani nilijifunza kwamba kutuma ndiyo sehemu rahisi. Swali gumu ni la zamani kuliko kompyuta: kile kifaa kilicho kule mbali, utajuaje kimekusikia? Na kikikujibu, utajuaje kinasema kweli?

Kengele ya melini

Tuanze baharini, karne ya 19. Meli za mvuke zilikuwa zimekua kubwa kiasi kwamba nahodha aliye juu hangeweza kumpigia kelele mhandisi aliye chini kwenye injini. Wakabuni chombo cha duara chenye mkono na maandishi: mbele polepole, mbele kasi, simama, nyuma. Nahodha akisukuma mkono, kengele inalia chini na mshale unaonyesha amri.

Hapo ndipo walifanya jambo la busara. Mhandisi alitakiwa kusukuma mkono wake mwenyewe hadi kwenye neno lilo hilo, na huko juu mshale wa pili ukasogea kumjibu nahodha. Mishale miwili ikipatana, amri imefika. Isipopatana, nahodha anajua hajasikika na anapiga kengele tena.

Ni wazo rahisi, na karibu kila mtambo wa kisasa bado unaliiga: rudia nilichosema ndiyo nijue umenipata. Lakini angalia mshale ule wa pili umethibitisha nini. Umethibitisha kwamba mtu chini amesikia. Haujasema chochote kuhusu injini.

Kwa nini sifuri haiwezi kuwa sifuri

Viwandani, kabla ya umeme kushika kazi hiyo, habari ilisafiri kwa hewa. Kihisi kilichokuwa kinapima tangi kilisukuma hewa ndani ya bomba jembamba, na kule mwisho wa bomba presha hiyo ikasogeza mshale au kufungua vali. Kiwango kilichozoeleka kilikuwa kuanzia pauni 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba. Tangi tupu, pauni 3. Tangi likijaa, 15.

Kwa nini 3, si 0? Kwa sababu bomba likipasuka, presha inashuka hadi 0. Kama tangi tupu pia ni 0, basi utatazama mshale na hutajua kama tangi limekauka au bomba limekatika. Ukianzia 3, tangi tupu lina sauti yake na bomba lililokatika lina yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahandisi wa hewa walihakikisha kimya kina mshindo kweli.

Umeme ulipochukua nafasi ya hewa, kuanzia miaka ya 1950, ulirithi hekima hiyo. Kiwango kilichoshinda ni miliampea 4 hadi 20. Ukipiga hesabu utaona uwiano ni ule ule: 3 kwa 15, 4 kwa 20, yote ni moja kwa tano. Walichagua kutuma habari kwa mkondo badala ya volti kwa sababu waya mrefu unakula volti njiani, lakini mkondo kwenye mzunguko mmoja ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Waya uwe mita 10 au mita 500, miliampea 12 inabaki miliampea 12, yaani tangi liko nusu, mradi umeme wa kusukuma mzunguko unatosha.

Fundi niliyembebea vifaa alinifundisha hili akiwa amechuchumaa chini ya tangi la sukari, mita yake ikiwa imeunganishwa kwenye waya.

"Kijana, hapa inasoma ngapi?"

"Nne, fundi."

"Basi tangi ni tupu. Na ikisoma sifuri?"

"Tangi ni tupu sana."

Alicheka hadi akakohoa. "Ikisoma sifuri hujui kitu. Waya umekatwa, ama stima imepotea, ama panya amekula. Usiwahi kuniambia tangi ni tupu kama mita haijakwambia."

Baadaye chama cha watumiaji wa mitambo cha Ujerumani, NAMUR, kiliandika mapendekezo yaliyolipanga jambo hili vizuri zaidi. Kihisi kikijigundua kibovu, kishushe mkondo hadi 3.6 au chini, au kiupandishe hadi 21 au zaidi. Yaani kifaa kinapewa njia ya kusema "msiniamini." Mimi nadhani hiyo ni moja ya sentensi bora zaidi mashine imewahi kufundishwa.

Mashine inajifunza kuuliza

Ubaya wa miliampea 4 hadi 20 ni kwamba kila kihisi kinataka waya wake. Vihisi 300, jozi 300 za nyaya, zote zikielekea kabati moja. Na ndani ya kabati hilo, hadi mwisho wa miaka ya 1960, akili ya kiwanda ilikuwa relei: swichi zinazovutwa na sumaku, mamia kwa mamia, zimefungwa kwa nyaya kwa mpangilio maalum. Kiwanda cha magari kikibadilisha muundo wa gari, mafundi walilazimika kufungua makabati na kufunga nyaya upya.

Mwaka 1968 tawi la General Motors lililotengeneza gia za otomatiki, Hydramatic, liliomba lipatiwe kitu badala ya relei. Kampuni ndogo ya Massachusetts, Bedford Associates, ilikuwa na jibu. Mhandisi wake Dick Morley alisimulia kwamba aliandika wazo hilo tarehe 1 Januari 1968, kichwa kikimuuma kwa pombe ya kukaribisha mwaka. Kifaa chao cha kwanza kiliitwa 084 kwa sababu kilikuwa mradi wao wa 84. Kampuni waliyounda kukiuza waliiita Modicon. Ndiyo babu wa vidhibiti vinavyoendesha viwanda leo, kutoka saruji hadi soda. Badala ya kubadilisha nyaya, unabadilisha programu.

Vidhibiti vilipozidi kuwa vingi, vilihitaji lugha ya kuongea kati yao na vifaa vingine. Mwaka 1979, mwaka ule ule wa Three Mile Island, Modicon walitoa Modbus. Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Lakini ukiyaweka kando kwa kando, moja linaonekana kama swali na lingine kama nusu ya jibu.

Modbus ni lugha yenye adabu ya shule ya msingi. Hakuna anayeongea kabla hajaulizwa. Kidhibiti kinaita kifaa kwa namba yake, kuanzia 1 hadi 247, na kukiuliza: nipe yaliyomo kwenye rejista fulani. Kifaa kilichoitwa kinajibu, wengine wote wananyamaza. Kwa miaka mingi pande hizo mbili ziliitwa kwa Kiingereza majina yanayomaanisha bwana na mtumwa, maneno ambayo sisi wenye historia ya pwani hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Mwaka 2020 shirika linaloisimamia Modbus liliyaacha, likachukua mteja na seva.

Ujumbe mmoja unatenganishwa na mwingine kwa kimya cha angalau muda wa herufi tatu na nusu. Na mwisho wa kila ujumbe kuna biti 16 za ukaguzi. Anayetuma anachukua ujumbe wote, anaupitisha kwenye hesabu maalum ya kugawanya, na kuambatisha baki. Anayepokea anarudia hesabu hiyo. Biti moja ikiwa imegeuzwa njiani na kelele za mota kubwa iliyo jirani, hesabu haitapatana na ujumbe unatupwa. Kifaa hakijibu. Kidhibiti kinangoja kidogo, kinaona hakuna jibu, kinauliza tena.

Hicho kitendo cha kutojibu kina maana. Kifaa kikisikia ujumbe vizuri lakini hakiwezi kuutekeleza, kinarudisha jibu la kukataa pamoja na sababu. Kikisikia vibaya kinanyamaza, kwa sababu hata namba ya aliyeitwa huenda imeharibika njiani, na kuitikia mwito usio wako ni kuvuruga mazungumzo ya wengine.

Nusu ya jana, nusu ya leo

Kuna aina ya kosa ambayo hesabu ya ukaguzi haiwezi kuiona, na hii ilinichanganya nilipoisoma mara ya kwanza. Rejista moja ya Modbus ina biti 16, kwa hiyo haiwezi kubeba namba kubwa kuliko 65,535. Mita ya umeme ya kiwanda inapita hapo haraka. Suluhisho ni kugawanya namba katika rejista mbili: ya juu inahesabu mafungu ya 65,536, ya chini inashika kinachobaki.

Tuseme mita inasoma 65,535. Rejista ya juu ni 0, ya chini ni 65,535. Kidhibiti kinasoma ya chini kwanza, kinapata 65,535. Kabla hakijauliza tena, mita inasonga hatua moja hadi 65,536: ya juu sasa ni 1, ya chini inarudi 0. Kidhibiti kinasoma ya juu, kinapata 1. Kinaunganisha, kinapata 131,071.

Namba hiyo haijawahi kuwepo. Kila ujumbe ulifika salama na ukaguzi ulipita mara zote mbili. Lakini ukizijumlisha, ni kama picha iliyounganishwa kutoka sekunde mbili tofauti, kichwa cha jana kwenye mwili wa leo. Kama namba hiyo ingekuwa bili, kuna mtu angelipia mara mbili. Kama ingekuwa kasi ya mashine, kuna kitu kingevunjika.

Ndiyo maana wahandisi wanasisitiza kwamba data zinazoenda pamoja zisomwe pamoja, kwa ombi moja, na kifaa kizishike tuli hadi zitoke zote. Siemens waliweka kwenye vidhibiti vyao vya S7-300 na S7-400 maagizo mawili, SFC 14 la kusoma na SFC 15 la kuandika, ambayo kazi yake ni hiyo: chukua fungu lote kama kitu kimoja, usinipe nusu.

Vita na amani ya ajabu

Miaka ya 1980 kila mtu alitaka lugha yake. Bosch walitangaza CAN mwaka 1986, kwa ajili ya magari. Mwaka 1987 kampuni na taasisi za Ujerumani zilianza mradi uliozaa Profibus. Wafaransa walikuwa na FIP, Wadenmark P-NET. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilikuwa imeanza kutafuta lugha moja ya dunia tangu 1985. Walibishana karibu miaka 15. Mwishowe, karibu na mwaka 2000, kiwango kilichopitishwa, IEC 61158, kilikuwa na aina 8 tofauti ndani yake ambazo hazielewani. Kila mtu alishinda. Ni kama mkutano wa kuchagua wimbo mmoja wa harusi unaoisha kwa kukubaliana kwamba bendi zote nane zipige kwa pamoja.

Lakini kutoka kwenye vita hivyo kulibaki jambo la maana. Katika lugha mpya kama Foundation Fieldbus na Profibus PA, namba haisafiri peke yake. Inasafiri na hali yake: nzuri, mbaya, au ina shaka. Kihisi kinasema "digrii 82, na nina uhakika," au "digrii 82, lakini usinitegemee sana." Mtindo wa NAMUR wa kusema msiniamini sasa ulikuwa na ngazi zake.

Tiki za bluu

Hapa turudi kwenye lile pengo. Modbus inapoiambia vali "funga," kwa kuandika thamani kwenye rejista, jibu la kawaida ni mwangwi: kifaa kinarudisha maneno yale yale kilichopokea. Ni mshale wa pili wa nahodha. Unathibitisha kwamba thamani imeandikwa kwenye rejista. Kama shina la vali limeshikwa na kutu, mwangwi utarudi vile vile, safi, ukaguzi umepita.

Wewe unaijua hali hii. Tiki moja ya kijivu, ujumbe umetoka. Tiki mbili, umefika. Tiki za bluu, umefunguliwa. Hakuna rangi ya tiki inayokuhakikishia kwamba yule mtu amelipa deni lako.

Dawa yake inajulikana, na haihusu lugha. Unaweka kihisi kingine kwenye vali yenyewe, swichi inayoguswa shina likifika mwisho, na waya wake unarudi peke yake. Sasa kidhibiti kina habari mbili: nilichoamuru na kilichotokea. Zisipopatana ndani ya sekunde kadhaa, king'ora kinalia.

Na hata hapo hujafika mwisho. Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, mnara wenye kimo cha takriban mita 52 ulikuwa unajazwa mafuta wakati wa kuwashwa upya. Kihisi cha kina kilikuwa kinatuma habari bila kukatika. Kilionyesha mafuta yako chini ya mita 3, tena yanapungua. Ukweli ni kwamba yalikuwa yamepanda hadi karibu mita 48. Kihisi hakikuwa kimerekebishwa ipasavyo, na hakikuundwa kupima zaidi ya sehemu ya chini ya mnara. Swichi ya tahadhari iliyokuwa juu yake haikufanya kazi. Mafuta yalifurika, mvuke wake ukalipuka, watu 15 wakafa na 180 wakajeruhiwa. Waya ulikuwa umefikisha namba mbaya kwa uaminifu mkubwa.

Mtu wa kutembea

Ukipita leo kwenye viwanda vya Nairobi, Thika au Mombasa, Modbus bado iko. Inaongea kati ya mita za umeme, pampu, na zile mashine za sola zinazofungwa juu ya paa, kwenye nyaya mbili zilizosokotwa. Ina zaidi ya miaka 40 na haijui hata kuuliza nywila. Imedumu kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu fundi anaweza kuielewa yote kwa wikendi moja.

Kinachopungua ni watu. Nilipokuwa kibarua, kila zamu ilikuwa na mtu mmoja mwenye ubao na kalamu aliyezunguka kusoma vipimo vya kioo kwenye matangi, kisha kulinganisha na skrini. Mara nyingi vilipatana, na ndiyo maana kazi yake ilionekana ya bure. Kabla sijaondoka nafasi hiyo ilifutwa. Skrini inaonyesha yote, tuliambiwa.

Sina ugomvi na skrini. Mtu mwenye ubao naye husinzia, na kuna usiku anajaza fomu akiwa kitini. Ninachosema ni kwamba kila hatua ya historia hii, kutoka mshale wa pili hadi tiki ya hali, ilikuwa jaribio la kuipa mashine kile alichokuwa nacho yule mtu: macho mengine, yasiyotegemea waya wa kwanza. Ukimtoa bila kuweka swichi ya pili mahali pake, hujaokoa mshahara. Umerudi kwenye taa iliyounganishwa na amri.

Fundi wangu alikuwa na zoea moja. Akishatuma amri ya kufunga kutoka kwenye kabati, na skrini ikageuka kijani, aliniambia, "Nenda uiguse." Nilipanda ngazi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikaweka mkono kwenye bomba kusikiliza kama kuna kitu bado kinapita.